Nyumba Isiyo na Kisu

Wakaguzi walipokuja kuchukua visu, sindano na nyembe, Bi Mwanakheri aliificha mbuzi yake ya kukunia nazi chini ya kitanda. Kila aliyetolewa saratani ya matiti sasa anaishi hivyo, katika nyumba isiyo na kitu chenye makali. Daktari alimweleza kwamba mbegu chache za ugonjwa bado zimelala mifupani. Akijikata, askari wa mwili watakimbilia kwenye kidonda, na askari hao hao ndio watakaoziamsha mbegu na kuzisindikiza mwili mzima. Bangili aliyovalishwa inakuwa ya kijani askari wakitulia. Wakiamka, na huchukua saa kadhaa kuamka, inageuka nyekundu.

Leo alikuna nazi, kwa sababu binti yake Salme alikuwa anakuja, na lile tui la pakiti linanuka plastiki.

"Wali huu, mama, unanikumbusha utoto," Salme alisema. Kisha mkono wake ukasimama juu ya sahani. "Nazi umekuna mwenyewe?"

"Kula mwanangu, utapoa."

"Nionyeshe mikono."

Bi Mwanakheri alinyoosha mkono wa kulia, wenye bangili.

"Na wa kushoto."

"Kwani bangili huioni? Kijani hiyo."

Salme alishusha pumzi, akarudi kwenye wali. Mama yake aliendelea kutabasamu, mkono wa kushoto ameufunika kwa kanga mapajani. Kidole alichojikata asubuhi kilikuwa kimeanza kupata moto.