Mtu wa Mbele

"Piga foto, Pembe! Piga mbele ya mikono yangu kuchoka!"

Yaya Kanyere ndiye aliyeongoza maandamano yote. Alikuwa amejifunga bidon tupu, dumu la mafuta, kifuani kama ngoma, anaigonga kwa mwiko wa bugali. Nyuma yake waendesha pikipiki wa Butembo walisukuma pikipiki zao zilizozimwa, wakipiga honi kwa midomo: piii! piii! Juu ya vichwa vyao kiliyumba kibao cha katoni: NANI ANAKULA ESSENCE YETU?

Muyisa, mdogo wake Kanyere na mpiga picha wa mji, alikuwa anatembea kinyumenyume mbele yao, jicho kwenye kamera, anacheka peke yake. Asubuhi ile alikuwa ameikuta filamu ya mwisho nyuma ya kopo la sukari, ulimi wa filamu ukiwa bado nje kama wa filamu mpya, akamshukuru Mungu na kutoka mbio.

Mji mzima ulimwita Pembe. Pasaka moja alipachika filamu ileile mara mbili, picha zikapandana, na baba padri akatokea akiwa na pembe za mbuzi wa jirani, Mzee Mathe. Baba padri mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Jina likabaki.

Vita vilikuwa vimegeuza kila kizuizi kuwa forodha. Essence, yaani petroli, ilitoka mpakani upande wa Kasindi, bidon kwa bidon, na juma lile kila bidon ilianza kulipishwa kodi mpya kwenye kizuizi cha Komanda Kalala. Pikipiki zikapandisha bei, malori ya Kirumba yakapandisha bei, hata samaki wa chumvi aliowauza Kanyere, samaki marehemu wa siku nyingi, nao wakapanda.

Ghafla lori la askari likakunja kona ya Kimemi. Watu wakayeyuka. Barabarani vikabaki ndala, mwiko mmoja, na Muyisa, aliyekuwa amepiga magoti anapiga picha ya ndala.

Komanda Kalala akashuka taratibu.

"Pembe! Foto za ndoa yangu ziko wapi?"

Muyisa akainuka, akakung'uta magoti. Mwezi uliopita alikuwa amewapiga Komanda na Madame Mélanie picha za ndoa, koti jeupe la Komanda, gato, ile keki ya ghorofa, kila kitu. Kisha filamu ile, kabla haijasafishwa, ikapotelea nyumbani kwa Muyisa mwenyewe. Alikuwa ameitafuta hadi ndani ya chungu cha maharagwe.

"Ziko Beni, Komanda. Ku labo ya foto. Courant ya umeme ndiyo inatusumbua."

"Kila siku Beni, kila siku courant! Madame eko analia kila asubui." Macho ya Komanda yakatua kwenye kamera. "Na hii? Ulikuwa unapiga nini?"

"Ndala, Komanda."

Askari wakacheka. Komanda hakucheka. Alinyoosha mikono, akaipokea kamera kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

"Hii filme inaenda Beni leo, na askari wangu. Atarudi na foto zangu za ndoa pamoja. Mukubwa wangu wa Beni anakuja juma hii kuniuliza nani anachokoza mji. Donc, ule tutaona mu foto mbele ya batu bote, njo kichwa yabo, kiongozi wa fujo. Nitamufunga kamba mbele ya Mukubwa, hata akikuwa baba yangu!"

Muyisa alimkuta dada yake sokoni, anapanga samaki kana kwamba hakuna lililotokea.

"Yaya, kimbia! Enda hata Alimbongo kwa shangazi. Filme iko kwa Komanda, na weye uko mbele mu foto zote!"

"Zote?" Kanyere akajishika kilemba. "Nilitoka muzuri?"

"Yaya!"

"Lakini nikimbie, nani atauza hii samaki? Na tena, nikikosekana batakufunga weye." Akamfukuza nzi kwa kanga. "Hapana. Kama ni kamba, ifunge mutu mwenye kilo."

Siku Mukubwa alipofika, Komanda aliwaita watu wote uwanjani. Kanyere alivaa kitenge chake cha Noeli. Hereni zake alimwachia jirani asiende nazo jela, "juu ya cachot iko na mwizi."

Askari aliyetoka Beni akapiga saluti, akatoa bahasha moja tu.

"Komanda, ku labo hakuna foto ya ndoa hata moja. Banasema habajapata filme ingine ya Pembe. Iko hii tu."

Komanda alimwangalia Muyisa jinsi mtu anavyomwangalia kuku wa Jumapili.

"Tutaongea sisi babili. Kwanza ule wa mbele." Akaipokea bahasha na, bila kuifungua, akampa Mukubwa kwa mikono miwili. "Chagua mwenyewe, Mukubwa. Wa mbele ni wa kamba. Nilisha kusema, hata akikuwa baba yangu."

Kamba ilikuwa tayari mkononi mwa askari. Muyisa akaushika mkono wa dada yake. Ulikuwa baridi, lakini bado unanuka samaki.

Mukubwa akavaa miwani, akatoa picha ya kwanza. Akaisogeza karibu. Akaiweka mbali. Mabega yake yakaanza kutikisika. Kisha akaigeuza, watu wote waone.

Pikipiki zilikuwepo, umati ulikuwepo. Kanyere hakuonekana. Mahali pake, mkubwa kuliko wote, chini kabisa ya maneno NANI ANAKULA ESSENCE YETU?, alikuwepo mtu wa koti jeupe la ndoa, macho yamefumbwa kwa utamu, kinywa wazi, analishwa gato.

Askari mwenye kamba akaitazama picha, akamtazama Komanda Kalala, akairudia picha.

"Mukubwa," akauliza kwa adabu, "wa mbele ni huyu?"