Ndege ya Mama Yonas

Yaliyopita ndiyo ndwele, na yajayo hayana mganga. Gaudensia alisema hivyo huku akifungua pedali ya cherehani yake, cherehani ile ile iliyowalisha, ili aigeuze pedali ya ndege.

"Mama, sare za watu utashonea nini?" Evaline, binti yake, aliuliza.

"Nipe spana."

Evaline akampa. Angefanya nini?

Ndege yenyewe ilikuwa ya mchezo wa kompyuta, ndani ya stoo ya nyumba waliyopanga baada ya kuhamia Nangwa. Kiti kilitoka kwenye gari la Noah lililokufa. Usukani ulikuwa wa baiskeli, umefungwa springi za kitanda ili ukiuachia urudi katikati. Mkono wa kuongezea mwendo ulikuwa mpini wa nyundo. Kila kimoja kiliunganishwa na kidude chake, kile cha redio cha kupandishia sauti. Kikizunguka, kompyuta inajua kwamba umelaza bawa au umekanyaga pedali. Nyaya alizilehemu Evaline mwenyewe, maana alisomea umeme chuoni. Alidhani wakiinamia nyaya zile pamoja, mama yake angemtazama. Mama alitazama nyaya.

Kompyuta na mchezo wa kuendesha ndege vililetwa na Mjomba Wolfgang kutoka Babati, ili dada yake apate cha kumchangamsha. Ardhi iliyoonekana chini ya ndege ilikuwa picha za kweli, zilizopigwa kutoka angani. Mwanzoni Gaudensia aliendesha kwa vitufe vya kibodi. Ndege ikapepesuka kama mlevi, ikajipigiza mlimani.

"Nataka iende taratibu," alisema. "Chini chini, na taratibu."

Ndipo alipoanza kubomoa vitu vya nyumbani.

Sasa kila asubuhi aliruka kutoka Arusha, akapita juu ya Ziwa Babati, akafika Mlima Hanang, akalaza bawa na kuzunguka. Hakutua popote. Alizunguka mpaka uji ukaganda utando kikombeni.

Jirani yao Hilda alichungulia dirishani. "Mama Yonas! Rubani wetu! Si utushushie hata mvua huko juu?"

Gaudensia hakugeuka.

"Shikamoo, mama," Evaline alimwamkia Hilda kwa niaba ya nyumba nzima.

"Marahaba, mwanangu. Sare ya Tito wangu je?"

"Bado."

"Bado, bado! Mtoto anakwenda shule kama mchunga mbuzi. Wenzangu wameshapeleka vitambaa kwa fundi mwingine." Kisha akashusha sauti. "Mtoe mama yako humo. Atakwisha."

Evaline alikuwa amejaribu. Kila siku alikwenda kulima mashamba ya watu ili wale. Kila aliporudi alisimama mlangoni mwa stoo na kusema, "Shikamoo, mama." Bawa likalala, mlima ukazunguka, marahaba haikuja.

Siku moja aliinama nyuma ya bega la mama yake, akatazama kioo cha kompyuta. Aliona bati la nyumba yao ya zamani, kule chini ya mlima. Aliona ua, na turubai lililoanikwa mahindi. Katikati ya turubai palikuwa na doa jekundu, dogo kama punje ya mtama, lenye kivuli chake.

Gaudensia aliligusa kwa ncha ya kidole. "Yonas wangu yuko," alinong'ona. "Amevaa sweta lake. Hajambo."

Evaline alilitazama tena lile doa, kisha akatoka.

Mjomba Wolfgang alipokuja tena kuwajulia hali, alicheka kwa furaha kuiona ile ndege. "Dada, wewe ni fundi! Ila hizi picha zako ni za zamani mno. Nikiwasha mtandao wa simu yangu zitabadilika zenyewe, utaona mpaka barabara mpya."

Gaudensia aliinuka kitini. "Mtandao usiingie humu ndani, Wolfgang. Nimekuambia!"

Wolfgang alimtazama Evaline. Hakucheka tena.

Jumapili Hilda alimkokota Gaudensia kanisani, karibu kwa nguvu. Evaline alisema tumbo linamuuma, akabaki. Nyumba ilipokuwa kimya aliingia stoo, akawasha mtandao wa simu yake, akakaa chini kungoja. Hakuizima simu mpaka picha zote zilipobadilika.

Mama aliporudi hakuvua hata kitambaa cha kichwani. Aliketi, akasukuma mpini wa nyundo. Arusha. Ziwa. Mlima. Bawa likalala.

Chini hapakuwa na bati. Hapakuwa na ua. Palikuwa na ulimi mpana wa tope, umeteremka kutoka mlimani na mawe makubwa mgongoni, kama walivyouacha siku walipomzika Yonas, kaka yake Evaline.

Gaudensia aliachia usukani.

"Nani ameingiza mtandao?"

"Mimi, mama."

"Umemfukia mwanangu mara ya pili." Aligusa kioo pale palipokuwa na doa. "Alikuwa pale. Kila siku nilikuwa namwona pale, mzima, na wewe umemfukia."

"Yule hakuwa Yonas."

"Sweta jekundu la Yonas silijui mimi?"

"Lilipombana alinipa mimi. Ulimwona lini Yonas akigeuza mahindi juani, mama? Kazi ile ilikuwa ya nani?"

Ndege ilikuwa ikienda yenyewe, kimo kikipungua. Gaudensia aligeuka, akamtazama binti yake kuanzia miguuni hadi usoni, kama mtu anayempima mgeni nguo.

"Uliyekuwa unamzunguka ni mimi," Evaline alisema. "Na radhi siombi."