Mistari ya Watoto Tisini na Mmoja

"Tisini na moja haigawanyiki," alisema mwalimu mkuu, akimtazama Atupele, mwenye mguu mmoja mfupi. "Huyu abaki darasani. Tisini watapangika vizuri. Mgeni kutoka Lilongwe anataka kuona mistari iliyo sawa."

Tulikuwa uwanjani tangu alfajiri, na tumboni nilikuwa na nsima tu, ugali wa jana. Sikuwa na nguvu za kubishana. Siku hizo sikuwa nazo kabisa.

"Umejaribu kugawanya kwa ngapi, mkuu?" nikamuuliza tu.

"Mbili, tatu, tano. Hiyo ni namba tasa, madamu. Hata mtoto wa darasa la nne anajua."

Atupele hakulia. Aliinua kiatu chake, kile kilichoongezwa soli ya tairi, akakitoa kwenye mstari wa chokaa na kuanza kuondoka. Alama ya tairi ilibaki pale, mistari yake myembamba ikionekana wazi.

Nilichuchumaa kando ya alama hiyo, nikaandika mchangani kwa kidole. Saba mara kumi na tatu.

"Mistari saba!" nikapaza sauti. "Kila mstari watoto kumi na watatu. Atupele, rudi. Wewe simama mbele."

Walijipanga mbio. Hakuna aliyebaki nje. Mmoja akacheka, akanyamaza alipoona uso wa mwalimu mkuu.

"Umeniaibisha mbele ya watoto," aliniambia kwa sauti ya chini. "Niombe radhi kabla gari la mgeni halijafika."

Nilijifuta chokaa kwenye kitenge changu.

"Siombi," nikasema.