Kosa la Anyelwisye

"He loves you," Anyelwisye akasema.

Mwalimu Dorothea aliibana chaki kana kwamba ingemkimbia. Wakulima wengine wa kokoa walishaondoka. Darasani walibaki wawili tu. Kwa miezi minne, kila Jumamosi alasiri, alikuwa akiwafundisha watu wa Makwale Kiingereza cha kuzungumza na wanunuzi wa kigeni. Na kwa miezi mitatu kati ya hiyo alikuwa akimwomba Mungu ampe Anyelwisye ujasiri. Leo kijana wa watu alikuja na shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe.

Lakini kosa ni kosa, hata la mapenzi. Tena la mwanafunzi wake bora! Wenzake walisema he go, she buy, it grow. Anyelwisye peke yake hakuwahi kuisahau ile s.

"Sikiliza," Dorothea akasema kwa upole. "Ukijisemea mwenyewe, unasema I. Na kwa I, kitenzi hakichukui s."

"Hilo nalijua, Mwalimu. Ila mimi—"

"English only!" Sheria ilikuwa yake mwenyewe, ameiandika ukutani kwa wino mwekundu.

Anyelwisye akajifuta jasho. "He loves you very much. He wants to marry you."

Moyo wa Dorothea uliruka kichurachura. Posa! Alikuwa na miaka thelathini na sita, na mama yake kule Singida hakuchoka kupiga simu kuuliza. Sasa posa yenyewe ndiyo hii. Haiwezi kuingia na kosa la darasa la tatu.

Akaandika ubaoni: I love you. I want to marry you.

"Repeat after me."

"But, teacher—"

"Repeat!"

Anyelwisye alikuwa mtu mtiifu. Akasoma, jicho moja ubaoni, jingine dirishani. Akarudishwa mara tatu, mpaka ile s ikafa kabisa.

"Very good," Dorothea akasema. "And my answer is yes."

"Yes?" Uso wa Anyelwisye ukang'aa. "Ndaga fijo, Mwalimu! Asante sana!"

Akachomoka hadi mlangoni, akapaza sauti kuelekea kwenye mikokoa:

"Kaka Yakobo, ingia! Amekukubali!"