Mpeasi wa Binti

Shoka liliingia kwenye tawi la kwanza, na tawi likapasuka katikati kama ganda la karanga. Ueli alipoinama kuvitenga vile vipande viwili, alisita.

Mpeasi huu aliupanda mwenyewe siku binti yake alipozaliwa, kama wafanyavyo wote pale kijijini: wa kike hupandiwa mpeasi, wa kiume mtufaha. Mwaka huu haukuchipua hata jani moja. Binti naye yuko hospitali tangu Machi. Mkewe ndiye aliyesema ukatwe upesi, mtoto asije akarudi akaukuta umekauka.

Lakini ndani ya tawi mlikuwa na tundu pana kama kidole gumba, limegawanywa vyumba kwa kuta za unga wa mbao. Katika kila chumba, juu ya donge la chavua ya njano, buu jeupe lilikuwa likila taratibu.

Nyuki mkubwa mweusi, mabawa yaking'aa buluu, alimzunguka usoni akiutafuta mlango wake.

Sasa huu mti umekufa au haujafa? Ueli alivibananisha vile vipande, akavua mkanda wa suruali, akaanza kuvifunga.

"We mzee, umechanganyikiwa?" Mkewe alikuwa dirishani, simu mkononi. "Kuni zinafungwa mkanda? Haya, mwanao huyu hapa, anauliza mti wake unaendeleaje. Nimwambie nini?"

"Mwambie umekauka."

Kwenye ufa, buu moja lilijikunja.

"Ngoja! Usimwambie hivyo. Mwambie... mwambie aje auone mwenyewe."