Pango Moja la Pimbi

Palikuwa na mji wa pimbi majabalini, na kila kaya ilikuwa na pango lake. Bwana Makadirio, pimbi aliyepanga mambo ya mji, alipita pango kwa pango kuhesabu watu, akarudi amefurahi.

"Kaya zetu zinazidi kuwa ndogo," alitangaza. "Vijana wa siku hizi hawataki kukaa na wazazi. Mapango yote haya ya nini? Tutahamia pango moja kubwa."

Bi Siwatu, mama aliyebakiwa na mtoto mmoja, alisimama. "Bwana mkubwa, wanangu hawakuhama. Walilala ndani, asubuhi sikuwaona. Umeuliza walikokwenda?"

"Mama, mimi nawapangia waliopo. Wasiokuwepo si kazi yangu."

Pimbi wengine wakamzomea Bi Siwatu, wakamwambia asicheleweshe maendeleo. Kufikia jioni wote walikuwa wamehamia, na Bwana Makadirio alijichagulia nafasi nzuri kule ndani kabisa.

Asubuhi pango likaingia giza ghafla. Chatu alikuwa amejaa mlangoni.

"Ahsanteni sana," alisema taratibu. "Umri umenitupa mkono. Kuzunguka nyumba kwa nyumba kulikuwa kunanichosha."