Risasi Tatu Kando ya Songwe

Lameck wa Ngana alifika na fahali mweusi, akamfunga mbele ya nyumba ya Asajile pale Ndandalo, kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani kwamba amekuja kumshukuru mtu aliyemfyatulia bastola mara tatu akamkosa.

Wanawake wakapiga vigelegele. Asajile alibaki mlangoni kichwa chini, kama mtu aliyekutwa na kuku wa mwenzake kwapani.

"Karibuni ndani," alisema. "Lakini fahali mrudishe, ndugu yangu. Mimi sistahili."

"Mnamsikia?" Lameck aliwageukia kaka zake watatu waliokuja naye. "Ndivyo alivyo. Hapendi kusifiwa."

Kaka wale waliketi mkekani. Mkubwa wao, Zebedayo, hakuigusa togwa aliyoletewa. Alimtazama Asajile kwa muda mrefu.

"Hebu simulia tena," alimwambia mdogo wake. "Mbele yake."

Lameck akasimulia. Mwaka uliopita, vita vilipopamba moto, Wajerumani walikuwa wakikamata wanaume kuwabebesha mizigo. Yeye alitoroka. Aliposhikwa kando ya mto Songwe, wakasema alikuwa akiwapelekea habari Waingereza ng'ambo. Mzungu wa kituo hakutaka maneno mengi. Alimsimamisha ukingoni, akachomoa bastola yake kiunoni, akampa askari wake mwenye cheo cha ombasha, Asajile. Hatua kumi na tano tu. Risasi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu ikararua matete. Lameck akajitupa mtoni, akaibukia ng'ambo, akakaa huko hadi Wajerumani walipoondoka mwezi uliopita. Asajile yeye alivuliwa sare siku ileile, akalazwa kifudifudi, akachapwa viboko hamsa ishirini.

"Na huyu," Lameck alimalizia, "ndiye Jicho, aliyekuwa akivunja vyungu kwa hatua thelathini. Nani huku hajui? Mtu wa namna hiyo hakosi ila kwa kupenda."

Hakuna aliyebisha, maana habari ya vyungu ilikuwa kweli tupu. Mzungu yule alimfundisha mwenyewe, kwa kujiburudisha tu, jioni baada ya gwaride. Walipanga juu ya gogo vyungu vibovu vya wafinyanzi wa Kikisi vilivyopasuka tanuruni. "Chungu usikitazame," Mzungu alimwambia kila siku. "Tazama kile kinundu kwenye ncha ya mtutu. Kione wazi, hata mikwaruzo yake. Chungu kiache kififie huko nyuma kama kiko ndani ya ukungu. Jicho likikimbilia chungu, mkono nao umepotea."

Asajile alikuwa mwepesi wa kushika. Kufikia mavuno ya mpunga, katika kila vyungu kumi na viwili alivunja kumi na kimoja, na askari wenzake wakampa jina la Jicho. Jina lile alilipenda. Alitembea nalo sokoni Ipyana kama mtu aliyevaa kofia mpya.

Sasa aliposikia likitajwa hapo nyumbani kwake, alitamani aliyelitoa asingezaliwa.

Angetile, mama mzazi wa Lameck, aliyekuja pamoja na wanawe, alisogea mbele. Mwanamke mzima wa mvi, alichutama mbele ya Asajile kama msichana anayesalimia wakwe, akapiga makofi taratibu.

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu," alisema. "Nikisali, jina lako hutangulia majina ya hawa niliowazaa."

"Inuka, mama. Nakuomba, inuka."

Alimshika mabega amwinue, huku akigeuzia uso ukutani. Mkewe, Rut, alidhani amezidiwa na furaha. Akaanzisha wimbo wa kanisani, watu wakamwitikia, Zebedayo naye akaitikia, na mwishowe akainua kibuyu cha togwa akanywa.

Wageni walipoaga, Asajile alimsindikiza Lameck hadi migomba ilipoishia. Wengine walikuwa wametangulia, wakasimama mbele kumngojea mwenzao.

"Lameck, sikukuhurumia," Asajile alisema. Aliyatoa maneno haraka kabla hayajamrudi kooni. "Nilikulenga nikuue. Nilimwogopa Mzungu. Tena, Mungu anisamehe, nilitaka aone kwamba naweza. Lakini chungu hakina uso. Niliponyanyua bastola nilikuona wewe. Nikalirudisha jicho kwenye kinundu, likakataa, likarudi usoni kwako. Mara zote tatu. Jicho lingenitii, leo ungekuwa kaburini."

Akangoja kutemewa mate.

Lameck hakushtuka. Aling'oa unyasi mmoja njiani, akautafuna.

"Najua," alisema. "Nilikuwa mbele yako. Niliona ulivyouma midomo kila ulipokosa."

"Unajua?" Asajile alimshika mkono. "Basi haya yote ya nini? Fahali, vigelegele, mama yako mzazi kuchutama mbele yangu?"

Lameck aliwatupia jicho kaka zake, akawapungia mkono huku akicheka, kisha akashusha sauti.

"Niliporudi kutoka ng'ambo nilikuta kaka zangu wameshanoa mikuki wakuue. Nyumba yako waliijua. Hata njia anayopita binti yako kwenda kuchota maji waliijua. Ndipo nikawaambia kwamba ulinihurumia."